MAJINA NA ALAMA ZA MITANDAO ISIYOTUMIA WAYA: ELIMU KWA WATUMISHI NA WANANCHI KWA MFANO WA ARUSHA NA MLIMA MERU

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakisafiri mara kwa mara kwenda Arusha kwa ajili ya vikao, mafunzo, biashara na masomo. Mji huo ndio makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Aghalabu jambo la mwanzo analolifanya msafiri baada ya kupokea ufunguo wa chumba cha hoteli ni kufungua simu au kompyuta yake na kutafuta mtandao. Hapo huteremka orodha ndefu ya majina, naye huchagua lile linalofanana na jina la hoteli aliyofikia. Ni wachache wanaojiuliza jina hilo limewekwa na nani, na kama ni kweli linatoka pale linaposema linatoka.

Makala haya yanakusudia kueleza namna mitandao isiyotumia waya inavyopewa majina na alama za kuitambulisha, tofauti iliyopo baina ya jina na utambulisho wa kweli, na hadhari anazopaswa kuzichukua kila mwenye kubeba nyaraka za umma. Mfano umechukuliwa Arusha na viunga vya Mlima Meru kwa sababu hali zote zinazohitaji kuelezwa zinapatikana huko kwa pamoja: mji wenye mikutano mingi, mlima mrefu, na mpaka wa nchi jirani.

HALI YA ARUSHA NA MLIMA MERU

Mji wa Arusha upo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560. Katikati ya mji kipo Kituo cha Kimataifa cha Mikutano kilichofunguliwa mwaka 1978, ambacho majengo yake matatu yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Kuanzia miaka ya 1990 hadi mwaka 2015 kituo hicho kilikuwa pia makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda.

Mawimbi yanayobeba mitandao hii husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima huyazuia, na majani mabichi ya msituni huyapunguza nguvu. Mtu aliyepo Njiro au Sakina, upande wa kusini wa mlima, hapokei mawimbi ya minara ile ile anayopokea mtu aliyepita Usa River akaelekea Momella, upande wa mashariki. Hata hivyo simu ya kila mmoja wao huonesha jina lile lile la kampuni. Hii ina maana kwamba nyuma ya jina moja zipo alama nyingi ambazo mtumiaji hazioni.

MITANDAO YA SIMU: NAMBA NDIYO MSINGI, JINA NI PAMBO

Kila mtandao wa simu za mkononi duniani hutambulishwa kwa namba. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi, nazo hugawiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambalo ni chombo cha Umoja wa Mataifa chenye makao yake Geneva. Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Burundi 642, Rwanda 635 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 630. Ifahamike kwamba namba hizi sizo zile tunazozipiga kama 255 au 254. Hizi huzungumzwa baina ya simu na mnara, na mtumiaji hana haja ya kuzipiga.

Baada ya namba ya nchi hufuata namba ya kampuni. Kwa upande wa Tanzania, Vodacom ni 04 na Airtel ni 05. Kwa hiyo mnara wa Vodacom uliopo Arusha na ule uliopo Unguja yote hutangaza 640 na 04. Mnara huongeza namba ya eneo na namba ya kila sehemu inayofikiwa na mawimbi yake. Kwa mpangilio huo, simu iliyopo Ngaramtoni hujua ipo nchi gani, kwa kampuni gani na chini ya mnara upi. Kadi ya simu nayo hubeba namba ya ndani inayoanza na tarakimu hizo hizo za nchi na kampuni, na kwa njia hiyo simu huutambua mtandao wa nyumbani kwake.

Jina linaloonekana juu ya kioo cha simu ni tafsiri ya namba hizo. Wananchi wengi wanakumbuka kampuni iliyoanza kwa jina la Celtel, ikaitwa Zain mwaka 2008, na kuanzia mwaka 2010 ikajulikana kwa jina la Airtel. Kampuni iliyoanza kwa jina la Mobitel katika miaka ya 1990 ilikuja kuitwa Buzz, kisha Tigo, na mwaka 2024 ikachukua jina la Yas. Jina la Zantel, ambalo watu wa visiwani walilizoea tangu mwaka 1999, nalo liliingizwa katika jina hilo hilo la Yas. Mabango yalibadilishwa na rangi za maduka zikapakwa upya, ilhali mteja hakulazimika kutupa simu yake kwa sababu ya jina jipya. Simu ya zamani yenye orodha ya majina isiyohuishwa huweza hata leo kuonesha jina lililokwisha kuachwa, na mawasiliano yakaendelea kama kawaida, kwani simu haikutegemea jina bali namba.

MPAKA WA NAMANGA

Msafiri anayetoka Arusha kuelekea kaskazini hufika Namanga, mpakani na Kenya, baada ya kilomita zipatazo 110. Mawimbi hayaujui mpaka wa nchi. Simu iliyopo upande wa Tanzania huweza kupokea 639 ya Kenya kwa nguvu zaidi kuliko 640 ya nyumbani, na ikiwa imeruhusiwa kutumia mitandao ya nje, ikahamia huko bila ya mwenyewe kuhisi. Dalili pekee ni kubadilika kwa jina juu ya kioo au ujumbe mfupi wa kumkaribisha mteja katika nchi ambayo hajaingia. Anayekwenda mpakani hana budi kuingia katika mipangilio ya simu, akaacha uchaguzi wa moja kwa moja, na kuuchagua mwenyewe mtandao wake. Asipofanya hivyo huweza kutozwa gharama za mawasiliano ya nje hali ya kuwa yupo ndani ya nchi yake.

Zipo sehemu za mlimani ambazo simu huandika maneno ya kuashiria kwamba ni huduma za dharura tu zinazopatikana. Maneno hayo hayamaanishi kwamba hakuna mnara. Maana yake ni kuwa simu inausikia mtandao, lakini si ule iliosajiliwa nao wala ulioruhusiwa kuihudumia. Katika hali hiyo namba ya dharura 112 huweza kupita katika mtandao wowote unaosikika. Kwa mpanda mlima aliyevunjika mguu, kulijua jambo hili huenda kukaokoa roho.

MITANDAO YA WI-FI: JINA HALINA MWENYEWE

Hali ya mitandao ya Wi-Fi ni tofauti kabisa. Kanuni zake za kitaalamu zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997 na chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, na jina Wi-Fi likabuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya biashara. Mitandao hii hutumia masafa ambayo katika nchi nyingi mwananchi huruhusiwa kuyatumia kwa vifaa vya nguvu ndogo bila ya kuomba leseni yake peke yake. Kwa sababu hiyo hakuna daftari la majina. Hakuna ofisi ya Serikali, ya Tanzania wala ya nchi nyengine, inayosajili jina la mtandao wa Wi-Fi na kumzuia mtu mwengine kulitumia.

Jina la mtandao, ambalo katika vifaa vingi huandikwa kwa kifupi SSID, ni maandishi yasiyozidi nafasi 32. Herufi ya kilatini huchukua nafasi moja. Herufi ya Kiarabu kwa mfumo unaotumika sasa huchukua nafasi mbili, kwa hiyo anayetaka kuandika jina kwa herufi hizo atosheke na herufi 16. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti: "Skuli" na "skuli" ni mitandao miwili mbele ya simu, ingawa mbele ya macho ya msomaji aliyechoka ni jina moja.

Nyuma ya jina hilo ipo namba ya kifaa chenyewe kinachorusha mawimbi. Namba hiyo huandikwa kwa jozi sita za alama, ambazo ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Kwa kawaida jozi tatu za mwanzo hutolewa na chama kile kile cha wahandisi kwa kiwanda kilichotengeneza kifaa, na jozi tatu za mwisho hupangwa na kiwanda chenyewe. Fungu moja la kiwanda hutosheleza vifaa 16,777,216.

Jengo kubwa la mikutano haliwezi kuhudumiwa na kifaa kimoja. Huwekwa vifaa vingi, kila kimoja na namba yake, na vyote hupewa jina moja. Mjumbe anapotoka ukumbini kwenda mgahawani, simu yake huacha kifaa kimoja na kushika chengine bila ya kukatika, kwa sababu jina na neno la siri ni vile vile. Huo ni utaratibu mzuri na wa halali. Lakini hapo hapo ndipo pana mlango wa hadaa: ikiwa simu huhama kutoka kifaa kimoja kwenda chengine kwa kufuata jina, basi itahama pia kwenda kwenye kifaa cha mtu mwenye nia mbaya aliyeliweka jina hilo.

Vifaa vingi hurusha mawimbi ya masafa mawili, na mafundi huongeza alama "5G" mwishoni mwa jina la pili. Wananchi wengi huidhani kuwa ni kizazi cha tano cha simu, ambacho kilianza kutumika Tanzania mwaka 2022. Sivyo. Alama hiyo katika jina la Wi-Fi huashiria masafa ya gigahetsi 5, ambayo kwa kawaida huwa na kasi zaidi lakini hufika karibu, wakati yale ya gigahetsi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta kwa wepesi zaidi.

HADAA YA MAJINA

Chukulia kwamba ofisa amefika Arusha na rasimu ya waraka wa kikao cha Jumuiya. Hoteli yake ina mtandao wenye jina la hoteli, na neno la siri limebandikwa mapokezi ili kila mgeni alione. Mtu aliyekaa chumba cha jirani anaweza kuchukua kifaa kidogo, akakipa jina lile lile na neno la siri lile lile. Simu ya ofisa itajiunga na kile chenye mawimbi yenye nguvu zaidi. Haitouliza, kwa sababu kwa hesabu yake jina ni sahihi na neno la siri ni sahihi. Kuanzia hapo mawasiliano yake yote yatapita katika mikono ya mgeni.

Ni vyema ikaeleweka pia kiasi cha hatari hiyo, ili watu wasitishwe kupita kiasi. Tovuti na programu nyingi za siku hizi hufumba maandishi yake, hivyo mwenye kifaa cha uongo hawezi kwa wepesi kusoma kilichomo. Lakini anaweza kujua ni tovuti zipi zinazotembelewa. Anaweza kuleta ukurasa wa uongo unaofanana na ule wa barua pepe ya ofisi na kuomba jina na neno la siri. Anaweza pia kutegemea kwamba mtumiaji ataupuuza ujumbe wa tahadhari unaosema cheti cha tovuti hakiaminiki. Mtumishi akibonyeza kuendelea, amemfungulia mwizi mlango kwa mkono wake.

Wengine hudhani kwamba kuificha mitandao isionekane katika orodha ni kinga. Kinga hiyo ni dhaifu. Mtandao unapofichwa, simu zilizouzoea hulazimika kuuita kwa jina popote zinapokwenda, na mwenye kusikiliza huweza kulipata jina hilo hata akiwa Arusha na mtandao wenyewe ukiwa Vuga. Wala namba ya kifaa si ushahidi wa mwisho, kwani nayo huweza kughushiwa kwa programu ya kompyuta. Hata mitandao ya simu haikusalimika: katika kizazi cha pili, simu hutakiwa ijithibitishe kwa mnara, lakini mnara hautakiwi ujithibitishe kwa simu. Kuanzia kizazi cha tatu pande zote mbili hutakiwa kujithibitisha.

Fundisho ni kwamba jina ni tangazo na namba ni anwani. Uthibitisho ni jambo la tatu, na hilo hupatikana pale tu mtandao unapotoa cheti cha kidijitali ambacho simu inaweza kukikagua kabla ya kujiunga. Mfano mzuri ni mtandao wa vyuo vikuu unaoitwa eduroam, ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanachuo hutumia jina moja la mtandao katika nchi nyingi, lakini anayemthibitisha ni chuo chake mwenyewe, na kifaa chake, kikipangwa vizuri, hukagua kwanza cheti cha chuo hicho. Wizara na taasisi zenye wataalamu wa TEHAMA zinaweza kufuata utaratibu wa namna hiyo katika ofisi zao.

KUCHAGUA JINA LA OFISI NA LA NYUMBANI

Jina la mtandao husomwa na kila apitaye njiani. Kwa hiyo lisitaje chumba cha mhasibu, ghala la dawa, wala jina la mwenye nyumba na namba ya mlango. Lisiwe pia lile lililokuja na kifaa kutoka kiwandani. Katika mfumo wa ulinzi unaotumika kwa wingi tangu mwaka 2004, jina la mtandao huchanganywa na neno la siri ili kutengeneza ufunguo. Wezi huandaa mapema funguo za majina yaliyozoeleka, na jina la pekee huwaharibia matayarisho hayo. Neno la siri liwe refu. Mfumo huo hukubali herufi 8 hadi 63, na si busara kuishia kwenye 8. Pale kifaa kinaporuhusu, utumike mfumo mpya uliotangazwa mwaka 2018.

Aidha, kampuni kubwa za ramani hukusanya namba za vifaa vya Wi-Fi duniani kote ili kuzisaidia simu kujua zilipo. Asiyependa kifaa chake kiingizwe katika ramani za Google anaweza kuongeza alama "_nomap" mwishoni mwa jina la mtandao wake, utaratibu uliotangazwa na kampuni hiyo mwaka 2011.

MAMBO YA KUZINGATIWA SAFARINI

Watumishi na wananchi wote wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kabla ya kujiunga na mtandao wa hoteli au ukumbi, aulizwe mfanyakazi wa mapokezi jina kamili la mtandao, herufi kwa herufi.

(b) Kazi za malipo, nyaraka za Serikali na barua pepe za ofisi zifanywe kwa intaneti ya laini ya simu ya mtumishi mwenyewe kila inapowezekana, badala ya mtandao wa watu wote.

(c) Baada ya safari, mtandao wa hoteli ufutwe katika orodha ya mitandao inayokumbukwa na simu, na kujiunga kwa moja kwa moja kuzimwe.

(d) Ujumbe wa tahadhari kuhusu cheti cha tovuti usipuuzwe hata mara moja. Utokeapo, mtandao uachwe hapo hapo.

(e) Simu iruhusiwe kutumia namba za kubadilikabadilika inapojiunga na mitandao, kama simu nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2020 zinavyoweza, ili mwenyewe asifuatiliwe kutoka mahali hadi mahali.

(f) Wanaopita Namanga wachague mtandao wao kwa mkono, na wanaopanda Meru waikumbuke namba 112.

Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ni kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini, kunasa mawasiliano yasiyomhusu mtu, na kujifanya mtu mwengine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Anayeghushi jina la mtandao kwa nia ya kuiba habari asidhani kwamba anafanya mchezo. Hata hivyo sheria humshika mwizi baada ya kuiba, na waraka uliokwisha kusomwa haurudishiki siri yake. Mtumishi aliyekabidhiwa waraka wa umma amekabidhiwa amana, na hifadhi ya amana hiyo huanzia pale anapoulizwa na simu yake ni jina lipi alichague. Wahenga wamesema, tahadhari kabla ya athari.